Kiwanja cha Mtaa Kisiachiwe Watu Wachache

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako tukufu nipate kuwanasihi wenzangu juu ya kiwanja chetu cha michezo na klabu iliyo ubavuni mwake, ambavyo huendeshwa na watu wasiopokea ujira wowote.

Kila Ijumaa baada ya Alasiri, bwana mmoja wa makamo hupita na kopo lililotobolewa chini, akichora mistari kwa chokaa, huku vijana wakishona nyavu zilizochanika. Na Magharibi inapoingia, ukumbi wa klabu hufunguliwa kwa wacheza bao na karata, kahawa ikazungushwa, na habari za harusi na misiba zikatangazwa. Hayo yote ni hisani yao, ilhali wengi wetu tunaostarehe hapo hata ada hatulipi.

Jumuiya za namna hii si za kudharauliwa, kwani klabu za kandanda kama Young Africans, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1935, na Simba, iliyofuata mwaka 1936 na kupewa jina hilo mwaka 1971, zilichipuka mitaani kabla hazijapata umaarufu.

Kwa hiyo nashauri ada zilipwe, hesabu zibandikwe ukumbini, na kamati ifuatilie hati ya ardhi bila kukawia, maana kiwanja kisicho na hati ni rahisi kugeuzwa maduka. Na anayekipenda kweli kiwanja chetu, aje Jumapili asubuhi na jembe lake.

Wasalaam,
Mwanachama,
Ilala, Dar es Salaam