Kahawa Isiyonywewa

"Kuanzia saa sita usiku usile wala usinywe kitu." Ndilo agizo lililozoeleka kwa mgonjwa atakayepasuliwa kesho yake. Aghalabu hulitoa mtu aliyechoka, na hulipokea mtu aliyeingiwa na hofu. Mwenye hofu huitikia, na mazungumzo huishia hapo. Kahawa haikutajwa. Na ikitajwa, hutajwa kwa swali moja tu la haraka: "Unakunywa kahawa?" Swali hilo laweza kufaa Unguja au Mombasa. Katika mkoa wa Kagera ni swali bovu, na ubovu wake waweza kumdhuru mtu.

Ubovu wenyewe umo katika kitenzi. Mtu wa pwani akisikia kahawa huona finjani, dele juu ya makaa, kipande cha kashata, na mabishano ya Jaws Corner katika Mji Mkongwe. Hata neno lilimfikia likiwa jina la kinywaji. Waarabu waliiita mbegu bunn, na Kiswahili kikapata buni. Maji yaliyopikwa kwa mbegu hiyo wakayaita qahwa, jina ambalo katika ushairi wao wa kale lilikuwa miongoni mwa majina ya mvinyo. Kwa hiyo pwani kahawa na kunywa ni maneno yaliyozaliwa pamoja, na anayeyatenganisha huonekana hajui lugha.

Lakini magharibi ya Ziwa Viktoria yametengana tangu kale. Wahaya walikuwa na kahawa yao kabla ya Emin Pasha kufungua kituo cha Wajerumani pale Bukoba mwaka 1890, na kahawa hiyo haikuwa ya kunywa. Tunda lake huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, kisha hutafunwa na ganda lake. Huitwa akamwani. Mgeni hukaribishwa kwa punje hizo kama anavyokaribishwa pwani kwa finjani. Hapo zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walipasua tunda moja lenye mbegu mbili, kila mmoja akaipaka mbegu damu yake, na mwenzake akaila. Kitu kilichobeba ahadi nzito kiasi hicho hakiwezi kuitwa kiburudisho cha jioni.

Sasa na atazamwe mzee wa kubuniwa, lakini asiye mgeni kwa yeyote aijuaye nchi hiyo. Anatoka Nyamigogo, katika eneo la wilaya za Ngara na Biharamulo. Huko si Bukoba, na Ngara ni nchi ya Wahangaza na Washubi. Lakini watu wa mkoa mmoja huoana, hufanya biashara na husafiri pamoja, na punje za kahawa husafiri nao mifukoni. Mzee huyu amezoea kutafuna tangu ujana wake. Amepangiwa kupasuliwa ngiri. Muuguzi anamuuliza: "Mzee, unakunywa kahawa?" Anajibu: "Sinywi, mwanangu." Amesema kweli tupu. Usiku, baada ya saa sita, anatia punje mbili kinywani ili usiku upite. Hajala, kwa maana kwao kula ni ndizi, ugali na maharage. Hajanywa, kwa maana hakuna kikombe. Amepita katikati ya vitenzi viwili vya agizo bila kukiuka hata kimoja.

Madhara yanayoweza kumpata ni mawili. La kwanza ni la tumboni. Dawa ya usingizi huilaza hata ile kinga ya koo inayozuia kitu kisiingie njia ya hewa. Kilichomo tumboni kikipanda, chaweza kushuka mapafuni. Ndiyo sababu ya kufunga kabla ya upasuaji. Mbegu iliyotafunwa na kumezwa si maji, ni chakula kigumu, na chakula kidogo hutakiwa kukaa saa 6 au zaidi kabla mtu hajalazwa usingizi. Kwa tumbo la mgonjwa, punje ya mapokezi na punje ya mahindi ni jamaa moja.

La pili ni la kichwani, nalo hupuuzwa zaidi. Mwili una kemikali iitwayo adenosini, ambayo hukusanyika mchana kutwa na kuuambia ubongo upumzike. Kafeini hukalia viti vya adenosini na kuizuia isisikike. Mwenye kuizoea huongezewa viti na mwili wake, na kafeini ikikatwa ghafla adenosini huvikalia vyote kwa pamoja: mishipa ya damu ya kichwani hutanuka, kichwa hugonga, usingizi mzito, hasira na kichefuchefu hufuata. Hali hiyo huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kafeini ya mwisho, hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, na yaweza kuendelea hadi siku 9. Wanaofunga Ramadhani wanaijua bila kufundishwa: ni kile kichwa cha alasiri ya siku ya kwanza. Na kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, yenye kafeini karibu mara mbili ya ile ya arabika.

Mzee aliyenyamaza juu ya punje zake huamka baada ya kupasuliwa, akazuiwa kutia kitu kinywani, na kesho yake kichwa kikampasuka. Wauguzi hutafuta sababu kwenye dawa, kwenye shinikizo la damu, na kama alichomwa sindano ya mgongo, kwenye sindano hiyo. Jamaa zake nao hutafuta kwao: mkono wa daktari, au jicho la jirani. Kumbe sababu imo katika mfuko wa koti lililotundikwa ukutani. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu hakuficha. Aliulizwa visivyo.

Hapa huinuka makundi mawili, na yote mawili yamekosea. La kwanza ni la wakali, wanaosema dawa ni moja tu: mgonjwa aache kahawa mara moja, na asipoacha ni shauri lake. Hawa huamuru kana kwamba kuamuru ni kutibu. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Kha'ir Beg, aliipiga marufuku kahawa na kuifanyia kesi. Sultani wa Kairo akalegeza hukumu hiyo, na kahawa ikaendelea kunywewa hadi leo. Kuikata kahawa usiku wa kuamkia upasuaji ndiyo njia ya hakika ya kumfikisha mgonjwa mezani, au kumwamsha baadaye, akiwa katika saa zake mbaya kuliko zote. Anayetakiwa kuacha apewe wiki moja au mbili, apunguze kidogo kidogo: aliyetafuna punje kumi atafune nane, kisha tano, kisha mbili. Mwili uliojengewa mazoea kwa miaka arobaini hauvunjwi mazoea kwa usiku mmoja.

Kundi la pili ni la wapenzi, na pwani wamejaa. Kwao kahawa ni adabu, ni ukumbi, ni shairi. Kuitaja pamoja na dawa za kulevya ni matusi. Wengine hujisifu kwamba wameiacha, ilhali kutwa wanakunywa chai ya rangi iliyokolea na soda za kola, ambazo zote zina kafeini. Wengine kichwa kikiwauma humeza Panadol Extra, kikapoa, wakaisifu parasitamoli. Hawakusoma kwamba kila kidonge kina miligramu 65 za kafeini. Upendo usiotaka kujua kilichomo ndani ya kipendwa ni mapenzi ya kipofu, na ushairi haukupewa kazi ya kuwapofua watu.

Kinyume chake, mshairi ndiye aliyeuliza swali la kweli. Mwaka 1819, mwaka ule ule alipochapisha diwani yake iliyotokana na mapenzi yake kwa Hafidh wa Shiraz, Goethe alimpa kijana mkemia, Friedlieb Ferdinand Runge, punje za kahawa akamtaka achunguze kilichomo. Runge akaitoa kafeini. Goethe hakuichukia kahawa wala hakuiabudu. Aliuliza kuna nini ndani. Na jibu lake leo liko mikononi mwa madaktari: kafeini ile ile hupewa watoto njiti ili wasisahau kupumua. Kitu chenye nguvu ya kumkumbusha mtoto kupumua hakistahili kupitwa kwa swali la nusu sentensi.

Sayansi ya usingizi nayo haikubaki kwenye saa sita usiku. Tangu mwaka 1999 mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani umeruhusu wagonjwa wengi wenye afya wanaopasuliwa kwa mpango wanywe vinywaji vyepesi visivyo na maziwa, na kahawa tupu imo, hadi saa 2 kabla ya kulazwa. Ruhusa hiyo si ya kila mtu: wenye dharura, wajawazito na wale ambao matumbo yao hukawia kujitupu wana masharti mengine, na baadhi ya vipimo vya moyo hutaka kafeini ikae mbali kabisa. Mwenye kuamua ni daktari wa mgonjwa huyo. Lakini daktari ataamuaje juu ya asichoambiwa? Na ruhusa ya kahawa ya kikombe haimhusu mwenye kutafuna, mpaka kwanza ijulikane kuwa anatafuna.

Kwa hiyo kinachodaiwa si mashine wala fedha, ni lugha. Maswali yanayochukuliwa kutoka vitabu vya kigeni, au kutoka mazoea ya pwani, yapimwe kwa vinywa vya wenyeji kabla ya kuandikwa kwenye fomu. Kiswahili kimepewa heshima ya kuwa lugha ya taifa zima; kikisemwa Ngara kama kisemwavyo Forodhani, bila kujali kuwa mambo ni mengine, heshima hiyo hugeuka kuwa uzembe. Wapenda lugha wanaokesha kupima vina na mizani wana deni hapa, kwa kuwa wao wanajua kitenzi kimoja kinavyoweza kuharibu ubeti mzima.

Swali lenyewe halihitaji ufundi mkubwa. Liulizwe wiki mbili kabla, si usiku wa mwisho: "Mzee, kahawa unaitumiaje? Unainywa au unaitafuna? Kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho lini?" Kisha aulizwe chai, soda na vidonge. Ni maswali ya dakika moja. Mzee wa Nyamigogo atayajibu yote kwa ukweli ule ule aliojibia lile la kwanza, na safari hii ukweli wake utamfaa.