Kitabu cha Mji na Haki ya Wenyeji Wake

Na Mwinyi Hamadi

Mwaka 1904 mwandishi Upton Sinclair alikaa kiasi cha majuma saba katika mtaa wa machinjio mjini Chicago, miongoni mwa wahamiaji wa Kilithuania na Kipolandi waliokuwa wakichinja, wakichuna na kusindika nyama kwa ujira haba. Na riwaya yake, The Jungle, ilipotoka mwaka 1906, Wamarekani waliingiwa na hofu juu ya nyama waliyoila hata zikapitishwa, mwaka ule ule, sheria mbili za kulinda usafi wa nyama, vyakula na dawa. Mlaji akapata himaya. Ama mchinjaji, ambaye idhilali yake ndiyo iliyomtia mwandishi uchungu, sheria zile hazikumwongezea ujira wala kumpunguzia saa za kazi. Faida ya kitabu ilimwendea msomaji, si aliyesimuliwa; kwa hiyo nashikilia kwamba kitabu cha mji, yaani kinachosimulia maisha ya wenyeji wake, hata kikiwa cha haki na chenye nguvu, hakijatimiza wajibu wake mpaka kimfikie yule aliyesimuliwa ndani yake, akisome, akipime na kukijibu.

Tutazame Bronzeville, upande wa kusini wa mji huo huo, ambako maelfu ya watu weusi walihamia kutoka majimbo ya kusini wakitafuta kazi na amani, wakazuiliwa katika ukanda mwembamba kwa mikataba ya wenye nyumba waliofungamana kutomuuzia wala kumpangisha mtu mweusi, hata nyumba zikakatwakatwa vyumba, na jamaa nzima ikapika, ikala na kulala katika chumba kimoja, ikishirikiana choo na majirani. Mambo hayo waliyaeleza kwa kina St. Clair Drake na Horace Cayton, wanachuoni wawili weusi, katika kitabu chao Black Metropolis cha mwaka 1945. Lakini hawakuishia kwenye dhiki, kwani waliandika pia juu ya makanisa, magazeti, vyama vya starehe, na bahati nasibu ya mtaani iliyochezwa kwa senti chache, hata msomaji akaona umma wenye murua, fitina na matumaini yake. Mwaka huo huo Gwendolyn Brooks, aliyelelewa papo hapo, alitoa diwani yake ya kwanza, A Street in Bronzeville, akawapa watu wa vyumba vile hadhi ya kuimbwa katika mashairi.

Vitabu hivyo vilikuwa na jirani mwema. Januari 1932 ilifunguliwa, kwenye barabara ya Michigan, maktaba ya George Cleveland Hall, nayo ikakabidhiwa Bi Vivian Harsh, mtu mweusi wa kwanza kuongoza tawi la maktaba ya umma ya Chicago. Fedha za kununulia vitabu vya tarehe ya watu wake zikiwa haba, Bi Harsh aliomba hidaya kwa wafadhili na marafiki, akakusanya vitabu, magazeti na hati, akaanzisha na baraza la kujadili vitabu, ambamo wakaazi wa mtaa waliweza kukaa na kumsikiliza mwandishi kama Langston Hughes au Richard Wright, na kumuuliza walilotaka. Hazina ile ingali ipo, katika maktaba ya Carter G. Woodson, upande ule ule wa kusini, nayo yaitwa kwa jina la Bi Harsh.

Bi Harsh ndiye aliyeutimiza wajibu ninaousema, maana mwandishi, awe hodari namna gani, huishia penye jalada la kitabu, na kutoka hapo hadi mkononi mwa mwenyeji pana safari inayohitaji jengo, rafu, mshahara wa mkutubi, na mlango usiomtoza mtu ada. Basi wenye kushika mifuko ya miji, wanapotafuta matumizi ya kupunguza, wasianze na maktaba za mitaa ya mafukara; kwani wakizifunga, tarehe ya watu hao itabaki kusomwa na wageni peke yao, na wenyewe watanyimwa nafasi ya kusema ni wapi mwandishi amesadifu na ni wapi amewadhulumu.