Ua Ndani ya Gilasi

Vijana wetu wa hapa Maguu wametuuliza jinsi ya kuotesha maua ya ndani kwa maji matupu. Kazi hii ni nyepesi. Twaa ua litambaalo lenye majani mfano wa moyo, ukate shina chini kidogo ya kifundo, kwani hapo ndipo itokeapo mizizi. Ondoa majani ya chini yasiozee majini, kisha weka gilasi penye nuru, mbali na jua kali. Katika baridi ya Juni na Julai mizizi hukawia, yataka subira.

Lakini sisi wenyewe tulipata kukuta viluwiluwi vya mbu katika gilasi yetu ya dirishani, nasi tuliona haya. Mbu aenezaye homa ya dengi, iliyowasumbua wenzetu wa Dar es Salaam mwaka 2014, huzaliana katika vyombo kama hivyo. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo, na yakikauka huweza kudumu miezi. Basi kumwaga maji hakutoshi: kila juma isugueni gilasi kwa ndani, ndipo mtie maji mapya. Pambo la nyumba lisimdhuru jirani.