Wachuuzi Ndio Waliokuwa Tuta Letu

Mama yangu mdogo ameuza mayai ya kuchemsha Lugoba miaka mingi, na barabara haipimi kwa kilomita, huipima kwa ndoo. Mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha yalipokuwa yakipita yote pale, ndoo mbili zilikwisha kabla ya adhuhuri. Lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, ilipokamilika, ndoo ya pili ikaanza kulala na mayai.

Jina lake si barabara ya mchepuko, lakini kwa Lugoba ilifanya kazi hiyo hiyo. Atokaye Dar es Salaam kwenda kaskazini hukwepa foleni za Kimara na Kibaha, akaibukia Msata bila kuiona Chalinze wala Lugoba. Simlaumu. Hata mimi nikishika usukani hupita huko.

Nilidhani basi watoto wa Lugoba watavuka kwa raha. Wapi! Zamani basi likisimama, mayai na korosho zikapandishwa madirishani, lililo nyuma lilipunguza mwendo, na la nyuma yake vilevile. Siku hizi barabara nyeupe, na kibao cha 50 dereva hukiona akimwona trafiki mwenye tochi. Malori yatokayo Morogoro kwenda Tanga hayakuhama, maana Bagamoyo si njia yao. Wala hayakuhama ya kokoto, ambayo hupakia papo hapo Lugoba. Walioondoka ni abiria wenye chenji mkononi. Mtoto anasimama ukingoni, kimya, anaona hakuna kitu, anaingia barabarani, lori hilo.

Tunapojenga njia ya kupita pembeni, hesabu tunaifunga lami ikikauka. Ile ya zamani nani anaitazama? Gharama zake zingeingia kwenye mkataba ule ule: matuta, kivuko mbele ya shule, taa, na mahali pa lori kuegesha nje ya lami.

Na ile mpya ilindwe mapema. Tangu sheria ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, lakini mita hizo hukumbukwa siku ya kupaka X nyekundu ukutani, si siku mtu anapochimba msingi. Njia panda ya Msata ndipo magari yanapokutana, na mchuuzi atayafuata tu. Kumfukuza ni kupoteza muda. Apewe kituo chenye choo na maegesho, mbali na lami. La sivyo kibanda kitavuta kibanda, na wajukuu wetu wataomba mchepuko wa kuikwepa Msata.

Mama mdogo hakusubiri kituo. Asubuhi hupanda Noah na ndoo moja mapajani kwenda kuuzia Msata. Nauli ya kwenda na kurudi, anasema, ni mayai kumi.