Mashine Haina Kabila

Wazee wenzangu wana neno moja ambalo limenichosha masikio. Wakisikia kijana ametunga muziki kwa kompyuta, hutikisa vichwa na kusema: "Huo si muziki, ni makelele ya mashine, tena ni mambo ya Wazungu." Neno hili nimelisikia barazani, nimelisikia harusini, na lililo baya zaidi, nimelisikia katika vyumba vya walimu, kutoka vinywani mwa watu wanaolipwa mshahara ili wafundishe. Nalipinga. Nalipinga kwa sababu si kweli, na uongo unaofundishwa shuleni huishi kuliko mwalimu aliyeufundisha.

Hebu tuanze na hilo la Wazungu. Vitabu vingi husimulia kwamba muziki wa kurekodi sauti za dunia na kuzigeuza kuwa utunzi ulizaliwa Paris mwaka 1948, pale Pierre Schaeffer, mtu wa redio ya Ufaransa, alipozifanyia kazi sauti za treni. Schaeffer alifanya kazi kubwa, wala simnyimi haki yake. Lakini mwaka 1944, miaka 4 kabla yake, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh alikuwa amekwisha kulifanya jambo hilo mjini Cairo. Alizaliwa mwaka 1921, na chuoni alisomea uhandisi wa kilimo. Naam, msomaji, bwana shamba!

Alifanyaje? Aliazima katika kituo cha redio kinasa sauti cha siku zile, chombo kizito kilichohifadhi sauti juu ya waya mwembamba wa chuma. Akaenda nacho kwenye zaar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo, inayofanana na zile za kupunga pepo tunazozijua katika pwani yetu. Kwa maelezo yake mwenyewe, yeye na rafiki yake walivaa mavazi ya kike ili waruhusiwe kuingia. Baadaye akarudi redioni, akazipitisha sauti zile katika chumba chenye mwangwi, akisogeza kuta zake, akafifisha sauti za msingi na kubakiza zile nyembamba zinazoelea juu yake. Mwaka huohuo akawasikilizisha watu katika ukumbi wa sanaa mjini Cairo. Kipande cha kama dakika 2 kimesalia na kimetolewa katika diski. Ukikisikiliza, maneno hayashikiki, lakini huwezi kusema kwamba hukusikia binadamu.

Sasa niambieni, mambo ya Wazungu yako wapi hapo? Chombo kilitoka ng'ambo, sikatai. Hata chaki ilitoka ng'ambo, nasi tuliandikia Kiswahili.

Tuje kwenye hilo la pili, kwamba mashine haitoi muziki. Mzee huyohuyo anayeilaani kompyuta ndiye wa kwanza kuinuka dansi likipigwa gitaa la umeme. Je, umeme wa gitaa uliteremka kutoka mbinguni? Fidla na kanuni tunazozipenda katika taarabu ziliundwa na mafundi, zikasafiri baharini, zikatua kwetu, zikazoeleka. Hata zeze ni mashine, ila ni mashine ndogo. Kinachotofautisha muziki na makelele ni sikio la anayepanga sauti, linalojua hii iachwe na ile iondolewe.

Wapo wasomi kidogo wanaonijia kwa njia nyingine. Husema: huyo El-Dabh wako hakuwa na msimamo, leo mashine, kesho ngoma, na mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli kwamba kazi zake ni za namna nyingi. Alikwenda Marekani kusoma mwaka 1950. Mwaka 1958 muziki wake ulisindikiza mchezo mkubwa wa dansi wa Martha Graham uitwao Clytemnestra. Kuanzia mwaka 1959 alifanya kazi katika studio ya kielektroniki ya Columbia-Princeton mjini New York, na huko akatunga Leiyla and the Poet, kazi ya mikanda ya sumaku inayotokana na kisa cha Laila na Majnuni, iliyotolewa katika santuri mwaka 1964. Mapema miaka ya 1960 alifundisha Addis Ababa, na mwaka 1963 akaunda Orchestra Ethiopia, akiwakalisha pamoja wapigaji wa krar, masenqo, filimbi na ngoma kutoka jamii mbalimbali za nchi hiyo. Baadaye alifundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Kent State, Ohio, hadi uzee wake. Alifariki mwaka 2017.

Je, huyo ni mtu asiye na msimamo? La hasha! Msimamo wake ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kila sauti inastahili kusikilizwa kwa makini kabla ya kuhukumiwa. Aliyewasikiliza wanawake wa zaar kwa sikio hilo ndiye aliyewasikiliza wapigaji wa Ethiopia. Mkulima apandaye mahindi, kunde na muhogo hatumwiti kigeugeu. Twamwita mtu anayeijua ardhi yake.

Nami sitaki haki hii iishie kwake peke yake. Wale wanawake wa Cairo, ambao sauti zao ndizo zilizokuwa malighafi, hawatajwi majina yao popote kazi hiyo inaposifiwa. Tukimdai Schaeffer nafasi kwa ajili ya El-Dabh, basi na tumdai El-Dabh nafasi kwa ajili yao. Haki ya upande mmoja ni upendeleo tu.

Mtu ataniuliza: mzee, yote haya yana faida gani kwetu? Yanayo. Mtaani kwetu yupo kijana aliyekuwa akitunga midundo ya singeli kwa kompyuta kuukuu. Baba yake aliiuza, kwa sababu mwalimu alimwambia kwamba mwanawe anapoteza muda kwa upuuzi wa kuiga. Kuiga nani? Singeli imezaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, na leo watu wa Ulaya hulipa kiingilio kuisikiliza. Lau mwalimu yule angefundishwa chuoni habari za bwana shamba wa Cairo, angemwambia mzazi yule maneno mengine, na kompyuta ile ingekuwepo hadi leo.

Kwa hiyo nawageukia wanaoandaa mitaala na wakufunzi wa vyuo vya ualimu. Mnapofundisha historia ya muziki, wekeni mwaka 1944 kabla ya mwaka 1948. Hilo halihitaji bajeti wala semina. Linahitaji mstari mmoja ubaoni. Kisha mwanafunzi akileta sauti zake, za simu au za kompyuta, mkufunzi akae, asikilize hadi mwisho, ndipo atoe maksi. Zikiwa mbovu, amwambie wazi kwamba ni mbovu, na amweleze kwa nini. Lakini asimwambie kamwe kwamba amevaa nguo ya mwenzake, maana nguo hiyo ilishonwa nyumbani.