Mashine Isome Eksirei, Haki Ibaki Yetu

Tangu 2021, Shirika la Afya Duniani limependekeza programu za akili unde zisome eksirei za kifua kusaka TB. Kwa Mandera au Lamu, ambako daktari wa eksirei ni wa kutafutwa, hii ni neema. Tusiipinge.

Lakini picha ya kifua chako ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua itatumiwaje, na kifungu cha 35 kinakulinda usiamuliwe na mashine pekee. Ukimpeleka mama kliniki, uliza: hii data inaenda wapi? Nani atathibitisha majibu? Kuuliza si utovu wa adabu. Ukinyamaza, wengine watakuamulia.