Tusiung'oe Mgagani Wote

Kila Jumamosi asubuhi twashika majembe kwenda bustani ya shule, na amri ni ile ile: ng'oeni magugu yote, acheni kabichi. Nasi twang'oa. Katika rundo tunalotupa umo mgagani, mmea wenye majani yaliyogawanyika kama vidole vitano, maua meupe na maganda membamba ya mbegu. Kwa maoni yangu hapo twakosea.

Kwanza, mgagani si mgeni kwa kabichi. Wataalamu wa mimea huuweka katika ukoo ulio jirani sana na ule wa kabichi, haradali na figili. Basi twamng'oa ndugu ili tumpandikize ndugu.

Pili, majani yake yana vitamini A na C, tena madini ya chuma na kalsiamu. Kabichi hutaka maji mengi na dawa ya wadudu. Huku tambarare za Moshi mvua ikikawia, hunyauka. Mgagani hustahimili jua, na huanza kuchumwa baada ya wiki chache tu.

Wako wasemao kuwa ni mboga ya maskini, tena chungu. Je, mnafu si mchungu? Mbona huko mlimani watu huupanda vihambani na kuuza mafungu yake sokoni, wala hapana autupaye? Uchungu wa mgagani hupungua ukichemshwa, na magharibi ya Kenya huupika kwa maziwa. Hapo jirani, Arusha, kituo cha utafiti wa mboga kilichoanzishwa mwaka 1992 huhifadhi mbegu za mboga zetu za asili, mgagani na mnafu zikiwamo. Wenye elimu wazihifadhi. Sisi tunaotafuta elimu twazitupa!

Sisemi bustani igeuke pori, wala sisemi mtu achume kila jani aonalo, maana mengine yana sumu. Asiyejua na amwulize bibi yake au bwana shamba kwanza.

Ombi langu ni dogo: tupewe tuta moja. Tuupande mgagani kwa mstari, tuupalilie kama kabichi, na mara moja kwa wiki upikwe pamoja na maharage yetu. Muhula ukiisha tutaamua. Tukiona haufai, majembe yapo.